Q Bila U: Maneno ya Kiingereza Tunayoyajua Bila Kujua

Mheshimiwa mwenyekiti, Kaimu Mwalimu Mkuu wa shule iliyotukaribisha, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wachezaji mliokaa hapo mbele mkingoja nimalize ili mkafungue mifuko yenu ya herufi: hamjambo. Naomba mnishikie hilo neno “kaimu” nililomwitia mwenyeji wetu. Lina pointi nyingi kuliko linavyoonekana, na tutalihitaji baadaye.

Nimeombwa nizungumzie msamiati wa Kiingereza kwa wanaocheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, kila herufi na pointi zake. Somo hilo ni pana, na muda niliopewa ni mfupi, tena wa kabla ya chai. Kwa hiyo nimechagua herufi moja tu, ile ambayo mchezaji akiichomoa mfukoni hukunja uso: Q. Na ndani ya Q nimechagua fungu dogo zaidi, yaani maneno ambayo Q yake haifuatwi na U. Tangu darasa la kwanza mmefundishwa kwamba kwa Kiingereza Q na U hutembea pamoja: “queen”, “quick”, “quiet”, “question”. Ni kweli, mpaka utoe Q na U zote nne ziwe zimeshatumika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mchezo huu ulizaliwa kwa hesabu. Alfred Mosher Butts alikuwa msanifu majengo huko Marekani, akakosa kazi wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930. Alikaa akahesabu herufi kwenye kurasa za magazeti, ikiwemo The New York Times, aone ipi hutokea mara nyingi na ipi mara chache. Jina la Scrabble lilikuja baadaye, mwaka 1948, mchezo ulipochukuliwa na James Brunot. Hesabu ile ndiyo iliyowapa vigae 100 mnavyovichezea leo: E kumi na mbili, U nne, vigae vitupu viwili vinavyoweza kusimama mahali pa herufi yoyote, na Q moja peke yake yenye pointi 10. Butts alikuwa anahesabu Kiingereza cha magazeti, na kwenye gazeti la New York la miaka ile Q ilikuwa imefungwa pingu na U. Hayo maneno ninayotaka kuwaonyesha leo hayakuwa yakipita kwenye ukurasa wa mbele.

Pingu yenyewe ilifungwa lini? Waingereza wa kale hawakuwa na haja na Q. Malkia waliandika “cwen”, na kilicho hai waliandika “cwic”. Wanormandi walipoivamia Uingereza mwaka 1066 walikuja na makarani wao, na makarani hao walikuwa wamezoea Kilatini na Kifaransa, ambako sauti hiyo huandikwa “qu”. Kufikia mwisho wa karne ya 13 “cw” ilikuwa imekufa. Malkia ni yuleyule, matamshi yaleyale, karani ndiye aliyebadilika. Kwa hiyo kanuni mnayoikariri shuleni ni tabia ya kiofisi ya watu waliokuwa wakiandika lugha ya wenzao.

Sasa, Q yenyewe ni mzee wa miaka mingi. Wafoinike walikuwa na herufi waliyoiita kwa jina linalofanana na “qoph”, na “qoph” ni neno halali kwenye ubao wenu, maana ndilo jina la herufi hiyo katika Kiebrania. Kutoka kwa Wafoinike tawi moja lilikwenda kwa Wagiriki, kisha Warumi, likawa Q hii. Tawi jingine likafika kwa Waarabu, likawa qaf. Ndiyo ile qaf iliyowatoa jasho baadhi yenu madrasani. Ustadhi anasema sema “qalb”, mtoto anasema “kalb”, darasa zima linacheka kwa sababu mtoto amekusudia moyo akataja mbwa. Sauti ya qaf hutoka nyuma kabisa, karibu na kimio. Kiswahili chetu cha kila siku hakiibagui na K. Tunasema kahawa, kabila, kaburi, karne, rafiki, haki, sadaka, sanduku, wakati. Yote hayo kwa Kiarabu yana qaf, na sisi tumeyalainisha yakawa K. Waliosanifisha tahajia yetu ya Kilatini katika enzi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hawakuona sababu ya kuitia Q katika alfabeti, na mimi naona walifanya vyema. Lakini matokeo yake ni kwamba maneno haya yanapotutazama usoni kwa Kiingereza yakiwa yamevaa Q, hatuyatambui.

Tazameni. “Faqir” ni fakiri. “Talaq” ni talaka. “Tariqa” ni tarika. “Niqab” ni nikabu. “Qasida” ni kasida. “Qibla” ni kibla. “Waqf” ni wakfu. “Qadi” ni kadhi. Nimewaona vijana wakiyakariri haya kutoka kwenye orodha zilizochapishwa, wanapigana nayo kana kwamba ni majina ya dawa. Mtoto wa Mombasa anakariri “qadi” juma zima, na Kadhi anamjua, pengine ndiye aliyewaozesha wazazi wake!

Hapo kwa kadhi pana jambo la kuchekesha kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 170, inazungumzia mahakama za Kadhi, na maandishi yake ya Kiingereza yanaandika “Kadhi” kwa tahajia yetu. Sheria ya Kiingereza ya nchi hii imekopa kwa Waswahili. Kamusi ya Scrabble nayo inakupa njia nyingine: “qadi”, “cadi”, “kadi”. Ukiwa na Q tumia ya kwanza, ukiwa na C ya pili, ukiwa na K ya tatu. Ni mtu mmoja yule.

Lakini nawaomba msiishie kwenye kufananisha tahajia. Maana nazo zimesafiri, na kila safari imezigeuza kivyake. Kwa Kiingereza “waqf” ni mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani katika Uislamu, basi. Kwetu wakfu imetoka msikitini ikaingia kanisani: askofu huwekwa wakfu, na kanisa jipya huwekwa wakfu, na hakuna anayeshtuka. “Talaq” ya Kiingereza ni ya ndoa ya Kiislamu peke yake. Talaka ya Kiswahili ni ya kila ndoa inayovunjika, hata ya waliofunga harusi kanisani. “Faqir” katika kamusi ya Kiingereza ni mtu wa dini aliyeiacha dunia, mara nyingi anachorwa amekaa juu ya misumari. Fakiri wetu hana habari na misumari, hana tu hela. Nadhani Kiingereza ndicho kilichopotoka zaidi hapo, maana asili ya Kiarabu ni umaskini, na umaskini wa kiroho ulifuata baadaye.

Na kibla! Hili nalipenda kuliko yote. Kamusi ya Kiingereza itakwambia “qibla” ni upande wa Makka, upande anaouelekea Mwislamu anaposali. Mwislamu wa London anaelekea kusini mashariki, wa Jakarta anaelekea magharibi na kaskazini kidogo. Lakini kwa wazee wetu wa pwani kibla ni pia jina la kaskazini. Kwa nini? Fungueni ramani mtazame. Mombasa na Makka zote mbili ziko kati ya nyuzi 39 na 40 za longitudo mashariki. Ukisimama hapa ukaitazama Makka, unatazama kaskazini karibu sawasawa kabisa. Nahodha hakuhitaji maneno mawili. Jiografia ya pwani yetu imo ndani ya neno, na kamusi ya Kiingereza haina namna ya kuijua.

Sasa turudi kwa Kaimu Mwalimu Mkuu, namwona ameanza kuwa na wasiwasi. Kuna neno halali la Scrabble, herufi nane, linaandikwa “qaimaqam”. Alikuwa ofisa katika dola ya Waturuki wa Osmani, mtawala wa wilaya kwa niaba ya mkubwa wake. Uturuki ya leo bado inaye, anaitwa “kaymakam”, na ndiye mkuu wa wilaya. Kwa Kiarabu ni maneno mawili, qaim na maqam: aliyesimama, na mahali. Anayesimama mahali pa mwingine. Sikilizeni tena, polepole: kaimu, makamu. Kiswahili kililichukua neno la dola zima kikalikata vipande viwili, kila kimoja kikapewa kazi yake ofisini. Kaimu anashika kiti mpaka mwenyewe apatikane. Makamu ana cheo chake cha kudumu, chini ya mkubwa. Hapa ukumbini tunaye Kaimu Mwalimu Mkuu na tunaye Makamu Mwenyekiti. Wasimame bega kwa bega, hiyo ndiyo “qaimaqam” yenu.

Kulicheza ni kazi nyingine. Lina Q mbili na mfuko una moja, kwa hiyo moja lazima iwe kigae kitupu. Na kwa kuwa una herufi saba kwenye kibao chako na neno lina nane, moja iwe tayari imekaa ubaoni. Siahidi kwamba mtaliona maishani. Nimelitaja kwa sababu mtu akishalielewa hivi hatalisahau hata akitaka.

Ngoja niwape kanuni niliyoifikia mimi baada ya kuyachambua maneno haya. Maneno ya Kiarabu yenye qaf yaliyoingia Kiingereza zamani, kwa njia ya biashara, yamepoteza Q. Mfano “coffee”: qahwa ya Waarabu ilipita kwa Waturuki, ikapita Ulaya, ikaingia kwa Waingereza karibu na mwaka 1600 bila Q. “Cotton” ni qutn. “Alkali” ni al-qali. “Apricot” ni al-barquq. “Calibre”, upana wa tundu la mtutu wa bunduki, ni qalib, ambayo wahunzi wetu huiita kalibu. Maneno haya yalipita midomoni mwa mabaharia, wachuuzi na wafumaji kabla ya kufika kwa karani, na kila mdomo uliyafinyanga. Kundi la pili, la “waqf” na “qibla”, ni la wasafiri, maofisa na wanazuoni wa karne za karibuni waliokuwa wakisoma hati za Kiarabu. Wao walikuwa na shida ya kitaalamu: Kiarabu kina kaf na kina qaf, na ukiziandika zote K unaharibu maana, kama yule mtoto wa “qalb”. Q ilikuwa imekaa bure bila U wake, wakaichukua. Kwa hiyo mkiona Q isiyo na U katika neno la asili ya Kiarabu, mara nyingi mnaona neno lililoingia kwa jicho. Mkiona C au K, limeingia kwa sikio.

Sisi je? Sisi tuliyapata mengi kwa sikio, ndiyo maana tuna K. Lakini pia tuliyaandika kwa qaf yake katika hati za Kiarabu karne kadhaa. Tulikuwa na vyote viwili, tukabaki na kimoja.

Msije mkadhani kila Q pweke ni Mwarabu. “Qi”, ambalo ndilo litakalowaokoa mara nyingi kuliko yote, ni la Kichina: nguvu ya uhai mwilini, inayozungumzwa katika tiba na mazoezi yao. Kichina kilipopata pinyin, mfumo wa kukiandika kwa herufi za Kilatini, mwaka 1958, Q ilipewa sauti inayokaribia “ch” yetu, kwa hiyo tafadhali msilisome “ki” mbele ya wageni. “Qin” ni kinanda chao cha nyuzi. Kutoka kwa Wainuit wa kaskazini ya mbali mna “umiaq”, mashua ya ngozi, na “qajaq”, ambayo Waingereza wengi huiandika “kayak”. Afrika Kusini imetoa “mbaqanga”, muziki wa mitaa ya Johannesburg uliopewa jina la chakula cha mahindi, na Q yake ni ile ya kugonga ulimi kaakaani. Hebu nisikie mkijaribu. Basi, basi, inatosha.

Na “qwerty”. Hilo halina ukoo wowote. Ni herufi sita za kwanza za mstari wa juu wa kibodi, kwa mpangilio uliotokana na kazi ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, ukaingia sokoni kwa mashine za kupiga chapa za Remington mwaka 1874. Watu walizisoma kwa mfululizo zikawa neno. Kama kuna mwalimu anayeamini kwamba lugha hutengenezwa na wanazuoni peke yao, na atazame simu yake.

Vijana wa Meru mpo? Nimewawekea lenu. “Qat” ni miraa. Mtu wa Maua analijua shamba lake, bei yake, kifungu chake kinavyofungwa kwa majani ya mgomba, na anajua uchungu wa mwaka 2014 Uingereza ilipoipiga marufuku. Huyo huyo anakaa na Q mkononi robo saa nzima. Linaandikwa “qat”, “kat” na “khat”, yote halali. Watanzania wanaiita mirungi, na kwao ni haramu kisheria, lakini kwenye ubao hakuna polisi.

Najua kuna mchezaji hapa anajisemea, mzee huyu anatuchosha na maana, pointi hazitolewi kwa maana. Ana hoja, na bingwa wa kumtetea yupo. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 hali hazungumzi Kifaransa. Alikariri orodha. Mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikadai kwamba bila maana hamshindi. Inawezekana kabisa kushinda bila maana, ikiwa una kichwa cha Richards. Mwaka uleule wa 2015, huko Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria aliutwaa ubingwa wa dunia wa Kiingereza, Mwafrika wa kwanza. Nigeria wana nidhamu ya mazoezi ambayo sisi hatuna, tuseme ukweli, na Wanigeria hawakuipata kwa hotuba.

Mimi natetea kumbukumbu ya mtu wa kawaida. Orodha ya maneno ishirini ya kigeni itakaa kichwani mpaka Jumapili. Ukijua kwamba kumi kati ya hayo ni maneno ya bibi yako, yamebadilishwa kofia tu, kazi imepungua nusu. Na mwalimu wa Kiingereza aliyeko hapa akumbuke kwamba mtoto anayezungumza Kiswahili haji darasani mikono mitupu.

Nimalizie na ushauri wa ubaoni, maana naona msimamizi anatazama saa. Kwanza, ulizeni kamusi gani inatumika kabla ya mchezo kuanza. Orodha ya Collins ni pana. Orodha ya Amerika ya Kaskazini ni nyembamba zaidi, na baadhi ya maneno niliyoyataja hamtayakuta humo. Hata “qi” Wamarekani walilikubali mwaka 2006 tu. Pili, mkiipata Q mapema msikimbilie kuirudisha mfukoni. Tafuteni I iliyokaa karibu na mraba unaozidisha herufi mara tatu. Ukiiweka Q hapo pamoja na I ya kwako, ukasoma “qi” kwa kwenda kulia na “qi” kwa kushuka chini, ni 31 na 31, jumla 62, kwa vigae viwili.

Tatu, ikiwa mfukoni vimebaki vigae pungufu ya saba huruhusiwi tena kubadilisha, na hapo Q inageuka kuwa mkopo. Mwenzako akimaliza kabla yako, kwa kanuni za nyumbani unakatwa 10 na yeye anaongezewa 10. Kwa kanuni za mashindano yeye anapewa 20. Vyovyote vile, pengo ni 20. Nimeona michezo mizuri ikipotea hapo, na A na T na D zikiwa wazi ubaoni, “qat” inangoja, “qadi” inangoja, na mchezaji ameinamia kibao chake akitafuta U.

Makamu Mwenyekiti, wachezaji ni wako.